Bibi wa Chatsworth, Mlinzi wa Nyumba Isiyokuwa Yake

Tarehe 26 Novemba, 1950, Edward Cavendish, Duke wa kumi wa Devonshire, mtu ambaye kwa nasaba na kwa mali alihesabiwa miongoni mwa wakuu wa Uingereza, alifariki ghafula katika mji wa Eastbourne alipokuwa akipasua kuni, kazi aliyoipenda tangu zamani ijapokuwa hakuwa na dhiki ya kuni wala ya mtu wa kumpasulia. Umri wake ulikuwa miaka 55. Kila nyumba ina msiba wake. Lakini msiba huu ulibeba mwingine tumboni, kwa kuwa sheria ya nchi ile, iliyotoza ushuru mzito juu ya mali ya marehemu, ilimsamehe mrithi aliyepewa mali kwa hiba, kwa sharti kwamba mwenye kuitoa aishi miaka mitano kamili baada ya siku aliyoitoa. Duke Edward alikuwa ametoa hiba yake mwaka 1946. Miaka mitano ilibakiwa na wiki chache tu kutimia, na kwa ajili ya wiki hizo chache serikali ilidai asilimia 80 ya mali yote.

Deni hilo liliwaangukia watu wawili wenye umri wa miaka 30 kila mmoja: mwanawe Andrew, aliyekuwa Duke wa kumi na moja papo hapo, na mkewe Deborah. Pamoja na deni walirithi Chatsworth, jumba lililoko kando ya mto Derwent katika jimbo la Derbyshire, ambalo paa lake peke yake lina eneo la zaidi ya ekari moja. Wakati ule lilikuwa baridi, tupu na chakavu. Wenye hekima wengi wa zama hizo waliona kwamba majumba ya namna hiyo yamekwisha siku zake, na mengi kwelikweli yalibomolewa. Chatsworth halikubomolewa, na sehemu kubwa ya sababu ni bibi huyo, ambaye aliingia humo bila kutazamia na kwa kadiri ya miaka 45 akalitunza kama mtu aliyewekewa kitu na mwenziwe, ambacho siku moja ataulizwa habari zake.

Kitinda mimba wa nyumba ya makelele

Deborah Mitford alizaliwa tarehe 31 Machi, 1920, akiwa kitinda mimba wa David Freeman-Mitford, Lord Redesdale, na mkewe Sydney. Walodi wa Uingereza wana madaraja matano, na baba yake alikuwa Baron, ambalo ni la chini kabisa, hali Duke ni la juu kupita yote. Watoto walikuwa saba, mabinti sita na mvulana mmoja. Mvulana, Tom, alipelekwa Eton, shule ya fahari. Mabinti walisomeshwa zaidi nyumbani, kwa sababu baba yao hakuona faida ya shule kwa mtoto wa kike.

Mchele ni mmoja, lakini mapishi ya nyumba ile yalikuwa ya ajabu. Nancy, mkubwa wao, akawa mtunzi mashuhuri wa riwaya. Pamela akapenda mashamba na mifugo. Diana, aliyesifiwa kwa uzuri, alimwacha mume wake wa kwanza akaolewa na Oswald Mosley, kiongozi wa Mafashisti wa Uingereza, na wakati wa vita akatiwa gerezani kwa ajili ya itikadi hiyo. Unity akaenda Ujerumani akawa sahibu wa Hitler, na siku ile ya Septemba 1939 Uingereza ilipotangaza vita alijipiga risasi ya kichwa katika mji wa Munich. Hakufa, lakini hakupata afya tena mpaka mauti yake ya mwaka 1948. Jessica, kwa upande wake, akawa Mkomunisti, akatoroka na mpenzi wake kwenda kwenye vita vya Hispania, kisha akahamia Marekani. Tom akauawa Burma mwaka 1945.

Siasa iliyopasua Ulaya ilipita katikati ya meza yao ya chakula. Jessica na Diana waliacha kusemezana kwa miaka mingi, na kisa hicho si kigeni kwa mtu yeyote aliyepata kuona ndugu wa tumbo moja wakipitana njiani bila salamu. Deborah hakuandama itikadi ya yeyote kati yao, wala hakumkata yeyote. Maisha yake yote aliwaandikia barua wote, huyu wa kulia na yule wa kushoto, na barua za dada sita hao, zilipochapishwa mwaka 2007, zilijaza kitabu kinene. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo tabia yake yote. Alikuwa mtu wa kushikilia kile ambacho wengine wamekwisha kukiachilia, na alijifunza kazi hiyo kwa ndugu zake kabla hajaifanya kwa mawe na paa.

Harusi mbili na kaburi moja

Aprili 1941, London ikiwa magofu kwa mabomu ya Wajerumani, Deborah aliolewa na Andrew Cavendish, wote wawili wakiwa na miaka 21. Andrew alikuwa mtoto wa pili wa Duke, na kuelewa maana ya neno hilo «wa pili» ni kuelewa kisa chetu kizima. Sisi tuliolelewa karibu na elimu ya faraidhi tunajua kwamba mali ya marehemu hugawanywa, na kila mwana, mume kwa mke, ana fungu lake lililotajwa. Mila ya walodi wa Uingereza haikuwa hivyo. Cheo, nyumba na ardhi vilikwenda kwa kifungua mimba wa kiume, vyote, bila kupunguzwa. Mabinti na wadogo wa kiume walipata posho na baraka. Ni kanuni kali, na machozi yaliyomwagika kwa ajili yake hayana hesabu. Lakini ndiyo iliyofanya mashamba makubwa yakae mazima mamia ya miaka, mahali ambapo mgawanyo wa haki ungekuwa umekwisha kuyafanya vijisehemu. Kwa kanuni hiyo Andrew hakuwa na lake, na Deborah alikuwa ameolewa na afisa wa jeshi asiye na urithi.

Mrithi alikuwa William, kaka yake Andrew. Mei 1944 William alimwoa Kathleen Kennedy, binti wa tajiri wa Kimarekani na dada wa John Kennedy ambaye baadaye alikuwa Rais. Harusi ile ilikuwa na maudhi pande zote mbili, maana Kathleen alikuwa Mkatoliki, na akina Cavendish walikuwa Waprotestanti wa tangu na tangu. Mama yake Kathleen aliona kwamba mwanawe amepotea. Hata hivyo vijana wale walioana, wakakaa pamoja kadiri ya wiki tano, kisha William akaenda vitani. Septemba mwaka ule ule alipigwa risasi na mdunguaji wa Kijerumani nchini Ubelgiji, akafa bila mtoto. Kathleen naye alikufa katika ajali ya ndege nchini Ufaransa mwaka 1948, wakwe zake wakamzika kwao, katika kijiji cha Edensor, hatua chache kutoka Chatsworth.

Hivyo ndivyo kadari ilivyomfikisha Deborah. Risasi moja ilimfanya mume wake kuwa mrithi. Yeye mwenyewe alizika watoto watatu wachanga, na watatu wakabaki: Emma, Peregrine na Sophia. Mtu aliyefikia daraja kwa njia ya makaburi kama hayo hawezi kuidhania kuwa ni haki yake ya kuzaliwa.

Ukoo, ndizi na waraka

Chatsworth ilinunuliwa mwaka 1549 kwa pauni 600 na Sir William Cavendish pamoja na mkewe Bess, mwanamke shupavu aliyeolewa mara nne, na kila ndoa ikamwongezea mali. Mjukuu wa mjukuu wao alikuwa miongoni mwa wakuu saba waliomwalika William wa Orange kuja kutwaa kiti cha ufalme mwaka 1688, na ujira wa hatari ile ukawa cheo cha Duke, alichopewa mwaka 1694. Ndiye aliyelijenga upya jumba kwa sura inayoonekana leo. Ukoo huo ulimtoa Waziri Mkuu mmoja, na ukamtoa Henry Cavendish, mtaalamu aliyeigundua haidrojeni akapima na uzito wa dunia. Lakini tusiupake rangi moja. Kijiji cha Edensor kiliondolewa mbele ya madirisha ya jumba ili macho ya bwana yaone majani na miti, si vibanda vya watu wake. Na fahari yote ya dari zile zenye michoro ililipwa kwa kodi ya wakulima ambao hawakupata kukanyaga chini ya dari hizo.

Duke wa sita, aliyekufa bila kuoa, alimpa kazi ya bustani kijana maskini aitwaye Joseph Paxton, ambaye alimjengea nyumba kubwa ya kioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Katika miaka ya 1830 Paxton alipata mgomba ambao asili ya safari yake ilikuwa kisiwa cha Mauritius, katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Ulipotoa maua na kuzaa ulipewa jina la bwana wa nyumba, na miche yake ikasafirishwa hadi visiwa vya Pasifiki. Leo ndizi inayouzwa zaidi katika biashara ya dunia ni Cavendish, na wengi waimenyao hawajui kwamba inabeba jina la ukoo wa Kiingereza.

Lakini msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuujua ukoo huu iliyo nzito kuliko ndizi. Babu yake Andrew, Victor, Duke wa tisa, alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia mwaka 1922 hadi 1924, na kwa jina lake unaitwa hata leo ule Waraka wa Devonshire wa Julai 1923. Walowezi wa Kenya, wakiongozwa na Lord Delamere, walidai kujitawala wenyewe. Wahindi walidai haki sawa za kura. Waraka ulijibu kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulia, na kwamba serikali ya Uingereza inaishika nchi ile kama amana kwa niaba yao. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na yaliwazuia walowezi wasiifanye Kenya yote milki yao. Lakini waraka huo huo uliziacha nyanda za juu mikononi mwa Wazungu peke yao. Wahindi walipewa viti vitano kwa orodha yao ya mbali ya wapiga kura, Waarabu wa pwani kiti kimoja cha kuchaguliwa, na Mwafrika, mwenye amana mwenyewe, hakupewa kiti. Hiyo ilikuwa amana ambayo mwenyewe hakuruhusiwa kuingia chumbani inamohesabiwa. Naomba neno hili likumbukwe, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

Kulipa matanga

Victor alikuwa wa kwanza katika ukoo kutozwa ushuru wa mauti, aliporithi mwaka 1908, naye aliuza vitabu adimu, akauza jumba la London, akaibomoa nyumba ya kioo ya Paxton. Andrew na Deborah walikabili dhoruba kubwa kuliko ile. Kukopa harusi, kulipa matanga, na hapa waliopaswa kulipa hata hawakuwa wameila harusi. Maelfu kwa maelfu ya ekari yaliuzwa. Jumba la Hardwick, lililojengwa na Bess mwenyewe, lilikabidhiwa serikali badala ya fedha, na mwaka 1959 likapewa shirika la National Trust. Kazi bora za sanaa zikaenda katika hazina za umma: mchoro mkubwa wa Holbein wa Mfalme Henry wa Nane, picha ya Memling, kitabu cha michoro cha Claude. Hesabu hazikufungwa mpaka mwaka 1967, miaka 17 baada ya yule mzee kuanguka penye kuni zake.

Je, palikuwa na dhuluma katika jambo hilo? Wengi katika jamaa waliona hivyo. Mimi sioni hivyo, na nadhani Deborah mwenyewe alifahamu zaidi ya alivyosema. Nchi iliyotoka vitani, yenye watoto wa kusomesha na wagonjwa wa kutibu, ilikuwa na haki ya kuwauliza wenye mengi wachangie. Na picha ya Holbein, iliyokuwa ikitazamwa na jamaa moja na wageni wao, sasa hutazamwa na mtu yeyote apitaye London. Lililokuwa hatarini ni kitu kingine: kwamba ushuru uliokusudiwa kugawa mali ungeivunja kazi ya mafundi wa karne nne, ambayo ikishavunjwa haimnufaishi maskini wala tajiri.

Mgeni njoo

Wakati wa vita Chatsworth lilikuwa shule ya wasichana, vitanda vimepangwa katika kumbi za fahari. Baada ya vita dada wawili wa Kihungari, pamoja na wenzao kutoka Ulaya ya Mashariki, walilisafisha chumba kwa chumba, hata likaweza kufunguliwa kwa watazamaji mwaka 1949. Kutazamwa hakukuwa kugeni kwa nyumba ile, maana karne moja nyuma, reli ilipofika jirani, watu 80,000 walikuja katika majira moja ya joto. Jipya lilikuwa kwamba sasa nyumba ilihitaji wageni kuliko wageni walivyoihitaji.

Mwaka 1959, baada ya mabomba, nyaya za umeme na mitambo ya joto kutiwa upya, Deborah na jamaa yake walihamia. Hakuwa amesomea usanifu, wala biashara, wala uongozi. Lakini alikuwa na jicho kali, alijua kuuliza, na hakuona haya kushika kazi kwa mikono. Alifuga kuku wa kila rangi kwa mapenzi ya kweli, na picha zake nyingi zilizo maarufu zinamwonyesha akiwatupia chakula katika vazi la fahari. Mwaka 1973 alifungua zizi ambamo watoto wa mjini wangeona ng'ombe akikamuliwa wajue maziwa yatokako, na mwaka 1977 likafunguliwa duka la kuuza nyama na mazao ya mashamba yao wenyewe, wakati ambapo watu wa daraja lake waliona kusimamia duka kuwa aibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na bibi huyu alikuwa na daftari.

Waswahili tuna methali ambayo sidhani kama imepata kutimia mahali popote kama ilivyotimia Derbyshire: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mtu aliyelipa kiingilio, akala keki, akanunua kipande cha nyama, alitia jiwe katika ukuta na madini ya risasi katika paa. Lakini mgeni huponya nyumba ya mtu aliyemkaribisha kwa moyo tu. Deborah hakuwaficha wageni nyuma ya kamba kama watu wa kuvumiliwa. Alitaka nyumba ionekane inakaliwa, maua mapya, moto unawaka, mbwa yupo. Kulikuwa na maafa ndani ya jamaa pia, maana Andrew alipigana na ulevi miaka mingi, wala hakuficha habari hiyo alipokwisha kuushinda. Nyumba ilikaa wazi vivyo hivyo.

Pauni moja kwa mwaka

Hatua iliyomaliza yote ilifanyika mwaka 1981, na kwa msomaji wa pwani haina haja ya maelezo marefu, kwani tunalo jina lake tayari. Andrew na jamaa yake waliikodisha nyumba, vyombo vyake vya thamani na bustani yake kwa muda wa miaka 99 kwa wadhamini wa Chatsworth House Trust, kwa kodi ya pauni moja kwa mwaka. Wakauza mchoro wa Poussin ili wadhamini hao wapate mtaji. Nao wenyewe wakawa wapangaji, wakilipa kodi ya vyumba wanamolala. Mpango huo wazee wetu wangaliuita wakfu. Mali imetolewa katika mkono wa mtu mmoja, haiuzwi wala hairithiwi kwa matakwa ya mrithi, na mapato yake hurudi kuitunza. Jamaa imebaki kama mutawali, ambaye heshima yake hutokana na namna anavyoitunza. Tofauti ipo, kwa kuwa wakfu wa sheria yetu ni wa milele na hukusudiwa thawabu, na huu una mwisho na hesabu za kodi. Lakini roho yake ni moja.

Hapa nalirudia neno nililoomba likumbukwe. Mwaka 1923 Duke mmoja wa Devonshire alitia jina lake katika ahadi ya amana, na wenye amana wakaachwa nje ya mlango. Miaka 58 baadaye mjukuu wake aliweka amana ndogo kuliko ile mara elfu, nyumba moja na bustani, lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye kiingilio. Sidai kwamba la pili lilifidia la kwanza. Hakuna nyumba inayoweza kufidia nchi. Nasema tu kwamba ukoo ule ule unatuonyesha yote mawili, na atakayetaka kuahidi kumshikia mwenziwe kitu chake aulizwe kwanza ni nani aliye na ruhusa ya kuingia.

Andrew alifariki Mei 2004, na Peregrine akawa Duke wa kumi na mbili. Deborah, kwa mila ya wajane wa daraja lake, aliliacha jumba alilolifufua, akahamia nyumba ya zamani ya kasisi pale Edensor, pamoja na kuku wake, bila ugomvi na bila kulilia vyumba. Alifariki tarehe 24 Septemba, 2014, ana miaka 94, wa mwisho katika wale ndugu saba, na watumishi wa Chatsworth wakamsindikiza mpaka kaburini. Analala Edensor, katika uwanja ule ule wa kanisa alikozikwa Kathleen, ambaye lau mume wake angaliishi yeye ndiye angalikuwa bibi wa nyumba ile. Ukitoka makaburini hapo ukashika njia ya kuvukia bustani, utawakuta watu wakiteremka kuelekea mtoni, wazee kwa watoto, wamebeba vikapu vya chakula, wakienda kuitazama nyumba.